Cheti cha Fundi na Mpaka wa Kambi

Katika muda wa miaka mitano, baina ya 1994 na 1999, dola ya Malawi ilifanya mambo mawili ambayo kila moja lilikuwa na wizara yake, sheria yake na watu wake, na ambayo wakati ule hapana aliyedhani kwamba yatakuja kukutana. La kwanza ni kuligeuza lililokuwa gereza la Dzaleka, katika Wilaya ya Dowa, liwe kambi ya wakimbizi waliokuwa wakimiminika kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Na la pili ni kupitisha sheria iliyounda mamlaka moja ya kusimamia elimu ya ufundi nchini, ile ijulikanayo hadi leo kwa jina la TEVETA. Kutoka Lilongwe hadi Dzaleka ni mwendo wa kilomita 40 na ushei, safari ambayo basi huimaliza kabla jua halijawa kali; lakini cheti cha fundi, kikishapata idhini ya mamlaka hiyo, kilikawia sana kufika mikononi mwa kijana mkimbizi, na kilipofika, kijana huyo akakuta kwamba kinaruhusiwa kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe haruhusiwi. Tarikhi ya jambo hili ni ndefu kuliko umri wa kambi, na haifahamiki vema ila kwa kuirudia nyuma, kwa sababu swali lililo ndani yake ni la zamani: ni nani mwenye haki ya kumshuhudia fundi kuwa ni fundi, na ushahidi wake husadikika mpaka wapi?

Ufundi katika nchi zile haukuletwa na ofisi yoyote. Wachewa walikuwa na wahunzi wao, waliofua majembe na mikuki kabla ya mgeni kufika; na katika miaka ya 1840, Salim bin Abdallah, mtu wa pwani ambaye ukoo wake ulitawala kwa lakabu ya Jumbe, alipojenga dola yake ndogo huko Nkhotakota, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mashariki ya hiyo Dowa ya leo, dini, mpunga, lugha na ufundi wa kuunda majahazi viliingia pamoja naye. Majahazi hayo, na haifai kulificha, yalivusha pembe za ndovu na yalivusha watumwa, na dhuluma ya biashara ile haifutiki kwa kuusifu ustadi wa waliochonga mbao zake. Walakini desturi ya kufundishana waliyotoka nayo watu wa pwani ndiyo kongwe kuliko zote katika ulimwengu wetu: mtoto hukabidhiwa kwa fundi, hubeba zana, huchota maji, hutazama, hukaripiwa, hujaribu, hata siku moja akaachiwa shoka na ubao peke yake, na kunga za kazi zikawa zimehamia kwake pasipo yeye kujua ni lini. Mtihani haukuwako wala cheti hakikuwako. Mwanagenzi alishuhudiwa na ulimi wa mwalimu wake, na ulimi huo ulisadikika kadiri ya umbali ambao jina la mwalimu lilifika.

Waskoti walipokuja walibadili mshuhudiaji. Misheni ya Livingstonia, iliyoanza mwaka 1875 upande wa kusini wa ziwa, ikahamia Bandawe, kisha mwaka 1894 ikapanda nyanda za juu za Khondowe, na hapo Dakta Robert Laws akaanzisha chuo kilichokuja kuitwa Overtoun Institution, mahali ambapo useremala, uashi na upigaji chapa vilifundishwa sambamba na elimu ya uchungaji na ualimu. Huko Blantyre, misheni ya pili ya Waskoti ilikuwa imekwisha kutoa hoja yake kwa matofali: kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lililojengwa baina ya 1888 na 1891 chini ya David Clement Scott, ambaye hakusomea ujenzi, kwa mikono ya wenyeji ambao wengi wao walijifunza kazi ile kwa kuifanya. Kanisa lingali limesimama, na anayeyatazama matao yake hana haja ya kuuliza kama Mwafrika wa karne ile aliweza kushika timazi. Tangu hapo kijana aliyetoka Khondowe alibeba neno la misheni, na neno hilo lilisafiri mbali kuliko ulimi wa fundi yeyote wa kijiji: mwajiri wa Rhodesia Kusini alilisadiki, mwajiri wa Afrika Kusini alilisadiki, na hata katika migodi ya shaba ya Katanga watu wa Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati ule, walipokewa kwa kujulikana kuwa ni makarani na mafundi waliosoma.

Hapo ndipo pana jambo ambalo ningependa msomaji alikumbuke atakapofika Dzaleka. Nyasaland iliwafundisha mafundi wake, kisha ikawapoteza, kwa kuwa mishahara ya nyumbani ilikuwa duni na kodi ya nyumba ilimdai kila mwenye nyumba. Wakaondoka kwa maelfu, wengine kwa miguu, wakaenda kujenga miji ya watu wengine, ikiwamo miji ya Kongo. Leo waashi na maseremala wa Kongo ndio waliofika Malawi. Njia ni moja, na waliopita juu yake mara ya kwanza walikuwa ni mababu wa wenyeji wa sasa.

Serikali ya himaya ya Waingereza haikujishughulisha sana na elimu hiyo. Kwa muda mrefu iliziachia misheni mzigo wote na kuzitupia ruzuku haba, na idara ya elimu yenyewe haikupata kuwako mpaka 1926, miaka miwili baada ya tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo Dakta Aggrey wa Gold Coast alikuwa miongoni mwa wajumbe wake, kuizunguka Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijiji chake. Ushauri ule ulikuwa na wema ndani yake na ulikuwa na hatari ndani yake pia: wema, kwa kuwa ulimheshimu mkulima na kazi ya mkono, hatari, kwa kuwa wako waliotaka kuufanya uwe dari, ili mtoto wa kijiji asijifunze zaidi ya yale ambayo kijiji kinamhitajia. Na tangu wakati ule elimu ya ufundi, katika nchi zetu nyingi, imebeba shaka hiyo mgongoni, kwamba ni elimu ya waliokosa elimu.

Malawi ilipata uhuru wake tarehe 6 Julai 1964, na mwaka mmoja kabla ya hapo, 1963, nchi ilikuwa imekwisha kupata sheria ya uanagenzi, iliyoufanya mkataba baina ya mwajiri na mwanagenzi kuwa ni jambo la serikali. Vyuo vya ufundi vikasimama, cha Lilongwe na cha Soche vikiwamo. Na Rais Kamuzu Banda alipoamua kuhamisha makao makuu kutoka Zomba, uhamisho uliotimia 1975, Lilongwe, iliyokuwa boma dogo kando ya mto, ikawa haina kazi kubwa kuliko kujengwa. Ungedhani kwamba zama kama hizo zingezaa utaratibu mmoja ulio safi wa kumtambua fundi. Haikuwa hivyo. Wizara ya Elimu ilikuwa na cheti chake cha ufundi, kilichotolewa baada ya miaka ya masomo ya chuoni na kazi kwa mwajiri. Wizara ya Kazi ilikuwa na majaribio yake ya ufundi, ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, kwa ajili ya yule aliyejifunza kazini. Na baadaye mamlaka mpya ilipokuja na mitaala ya kupima umahiri, nayo ikaongeza cheti cha tatu. Maseremala watatu waweza kusimama mbele ya mwajiri mmoja wa Lilongwe, mmoja na hiki, mmoja na kile, mmoja na kile kingine, na mwajiri asijue ni yupi aliye mbele ya mwenziwe. Aghalabu akawarudishia wote karatasi zao, akawapa ubao na randa.

Katika miaka hiyo hiyo ya ujenzi wa Lilongwe, upande wa Dowa, Dzaleka ilikuwa gereza. Wapinzani wa utawala wa chama kimoja, na wengi ambao hawakuwa wapinzani wa mtu yeyote ila walisingiziwa, walifungwa humo na kufanyishwa kazi ngumu katika mashamba yake. Baada ya kura ya maoni ya 1993 kuumaliza utawala wa chama kimoja, gereza likabaki tupu. Na kwa kuwa Burundi ilikuwa imeingia katika vita mwaka huo huo, na Rwanda katika maangamizi mwaka uliofuata, majengo yale yakapata watu wengine.

Serikali ya Bakili Muluzi, iliyoingia Mei 1994, ilianza na jambo kubwa la kheri, nalo ni kuifanya elimu ya msingi kuwa bila ada. Watoto walijaa madarasani kiasi kwamba walimu hawakutosha wala kuta hazikutosha. Na baada ya miaka michache ikaonekana lililokuwa dhahiri tangu mwanzo, kwamba wengi wao watamaliza shule na kukosa nafasi ya sekondari, achilia mbali ya chuo. Sheria ya 1999 ilizaliwa katika dhiki hiyo. Iliunda mamlaka yenye bodi ambamo waajiri wana sauti, ikaipa fedha zake yenyewe kwa kuwatoza waajiri asilimia 1 ya mishahara ya msingi wanayolipa, na ikaiagiza iweke viwango, isajili vyuo, igharimie wanagenzi na kusimamia mafunzo. Wenzetu wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuitangulia njia hiyo kwa sheria yao ya 1994 iliyounda VETA, nayo pia ikiendeshwa kwa tozo ya waajiri, na yenye bodi za kanda ili Dar es Salaam isiamue kila kitu. Malawi nayo ikaweka ofisi za mamlaka katika mikoa yake mitatu, Kaskazini, Kati na Kusini.

Mpango huu ulikuwa wa busara, nami nausifu bila kusita. Mwajiri anayelipa anapata haki ya kuuliza kijana amefundishwa nini. Na fedha isiyopita katika mfuko mkuu wa hazina hainyakuliwi kirahisi na mahitaji mengine. Walakini mpango wenyewe ulizaliwa na kasoro moja: aliyelipa tozo ni mwajiri mwenye daftari la mishahara, na mwajiri wa namna hiyo yuko Blantyre, yuko Lilongwe, yuko katika mashamba makubwa ya chai na miwa; ilhali fundi wa Malawi, huyo wa kweli, anashona chini ya varanda sokoni Mponela, anafyatua matofali kando ya mto, anatengeneza baiskeli penye njia panda, na hana daftari lolote. Nafasi za wanagenzi zilitangazwa gazetini, zikaombwa na wenye vyeti vya sekondari, zikajazwa, na kila mwaka waliokosa wakawapita kwa mbali sana waliopata. Mamlaka ilikuwa na mikoa mitatu, nchi ilikuwa na wilaya 28, na baina ya mkoa na kijiji palikuwa na pengo ambalo mtu wa Lilongwe hawezi kuliziba kwa barua.

Pengo hilo lilikuwa na mwenyewe kisheria. Mwaka 1998, mwaka mmoja kabla ya TEVETA, Malawi ilikuwa imepitisha sheria ya serikali za mitaa na sera ya kugatua madaraka, na mwezi wa Novemba 2000 wananchi wakachagua madiwani. Halmashauri ya wilaya ndiyo iliyopaswa kujua ni vijana wangapi wamekaa bure, ni karakana gani ina nafasi, ni daraja gani litajengwa mwakani na waashi wa wapi watalijenga. Lakini madiwani wale walipomaliza muda wao mwaka 2005, uchaguzi mwingine haukufanyika mpaka Mei 2014. Kwa miaka tisa halmashauri za Malawi ziliendeshwa na watumishi pasipo wawakilishi, na mambo ya wilaya yakaamuliwa na wasiowajibika kwa wilaya. Watu wengi wanaoandika juu ya elimu ya ufundi nchini humo huzungumzia mitaala, vifaa na wakufunzi. Mimi naona miaka hiyo tisa iliidhuru kazi hii kuliko upungufu wa misumeno, maana mageuzi yoyote yaliyohitaji mkono wa wilaya yalikuta mkono huo hauna mwenyewe.

Ndipo mwaka 2015, madiwani wakiwa wamerudi, serikali ya Peter Mutharika ikaanza kufungua vyuo vya ufundi vya jamii, kwa ahadi kwamba kila wilaya itapata chake. Vingine viliwekwa katika majengo yaliyokuwako, vingine vikangoja majengo mapya. Kozi zake ni fupi, za uashi, ushonaji, useremala, uchomeleaji, umeme wa majumbani na mabomba, na sharti la kuingia ni jepesi kuliko la vyuo vikubwa vya ufundi. Umoja wa Ulaya na UNESCO, kwa mradi ulioanza 2016, wakasaidia vyuo, wakufunzi na nafasi za wasichana. Na vile vyeti vitatu vilivyokuwa vikigombana vikaanza kuunganishwa katika mfumo mmoja wa viwango, pamoja na utaratibu wa kumpima na kumtambua yule ambaye ujuzi wake ameupata kazini. Wizara inayosimamia ufundi imebadilishwa mara kwa mara, ikiwa huku chini ya Elimu na huku chini ya Kazi, na kila uhamisho huchelewesha mishahara, vitabu na maamuzi. Hata hivyo, mwenye kutazama kwa insafu atakiri kwamba katika Malawi ya leo kijana wa kijijini ana njia ya kukifikia cheti ambayo kaka yake hakuwa nayo.

Sasa na turudi Dzaleka, ambayo wakati hayo yote yakipita haikungoja mtu. Kambi iliyokusudiwa watu elfu kumi na kidogo imekuwa na zaidi ya 50,000, walio wengi wakiwa ni Wakongomani, hasa wa mashariki, wa Kivu, waliokimbia vita vilivyoanza 1996 na 1998 na ambavyo havijakoma sawasawa mpaka leo. Wanafuatwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya maji. Na kama ilivyo kila mahali ambapo watu wa Kongo ya mashariki wamekaa zaidi ya mwezi mmoja, cherehani zilianza kulia, vinyozi wakatundika vioo, waashi wakafyatua matofali, mahema yakawa nyumba. Wamalawi wa vijiji vya jirani wakaja kununua na kuuza, hata soko la kambi likawa soko la wote.

Katika mji huo usioitwa mji, uanagenzi wa zamani ulirudi wenyewe. Seremala wa Uvira, huko Kivu, akampokea mtoto wa jirani, akamfundisha kwa ulimi na mkono, kama ilivyokuwa pwani. Na katika waliokuja wako pia waliosomea vyuo vya kwao, wakiwa na vyeti vya INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi ambayo Kongo iliiunda mwaka 1964. Vyeti hivyo vilikuwa kwa Kifaransa. Lilongwe husoma Kiingereza, na mitihani ya ufundi ya Malawi ni ya Kiingereza. Kwa hiyo fundi wa miaka ishirini aliweza kuketi mbele ya karatasi ya maswali asiielewe, si kwa kutojua kazi, ila kwa kutojua lugha ambayo kazi inaulizwa. Katika mageuzi yote niliyoyataja sikuona lililo jepesi kurekebishwa kuliko hilo, wala lililosahauliwa zaidi.

Aliyetangulia kulisimamia jambo la elimu kambini kwa utaratibu ni Shirika la Wajesuti la Kuwahudumia Wakimbizi, lililoendesha shule za msingi na sekondari, ambazo watoto wa Wamalawi wa jirani nao husoma, na ambalo tangu 2010 limewafungulia wakimbizi masomo ya juu kwa njia ya kompyuta, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Upande wa ufundi wa mikono ulishikwa hasa na shirika la There is Hope, ambalo mwanzilishi wake, Innocent Magambi, ni Mrundi aliyezaliwa ukimbizini na kuishi katika kambi za nchi mbalimbali kabla ya kufika Malawi. Shirika hilo lilifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ni mageuzi ya kweli ya uendeshaji kuliko mengi yaliyoandikwa katika sera: liliwaketisha mkimbizi na Mmalawi wa kijijini katika karakana moja, wakajifunza uashi, useremala na ushonaji pamoja, likawaelekeza kwenye viwango vya TEVETA badala ya cheti kisichojulikana nje ya mlango wa shirika. Na kwa wale waliopenda kazi mpya za zama hizi, Remy Gakwaya, mkimbizi naye, alianzisha ADAI Circle, ambako vijana hujifunza kutengeneza programu za kompyuta hapo hapo kambini.

Faida ya kuwaketisha pamoja ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chuki ya mwenyeji kwa mkimbizi, kokote duniani, hulishwa na dhana kwamba mgeni anapewa na mwenyeji ananyimwa; na wilaya ya Dowa, ambayo si ya matajiri, ilikuwa na kila sababu ya kuifikiri dhana hiyo. Kijana wa kijiji cha Dowa aliyeshika mwiko bega kwa bega na kijana wa Fizi, Kongo, hulijua jina lake, hujua kasi ya mkono wake, na siku wanapopata kazi ya kujenga darasa humwita. Halmashauri yoyote ya wilaya ingejivunia kulipanga jambo hilo. Hapa lilipangwa na watu wa kambini na marafiki zao, na halmashauri ikaja baadaye kuliona.

Lakini cheti kilipokwisha kutolewa, sheria nyingine ikatoa sauti. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Desemba 1987, na ilipojiunga iliweka sharti juu ya vifungu 9. Juu ya kifungu cha 22, kihusucho elimu, na cha 19, kihusucho taaluma za kujitegemea, ilisema kwamba inavihesabu kuwa ni nasaha tu, si wajibu; juu ya kifungu cha 17, kihusucho kazi ya mshahara, kwamba haitampa mkimbizi haki iliyo bora kuliko ya mgeni yeyote, wala haitamsamehe kibali cha kazi; na juu ya kifungu cha 26, kwamba inajiwekea haki ya kumpangia mkimbizi mahali pa kukaa. Ni haki kulieleza jambo hilo katika wakati wake. Mwaka 1987 watu wa Msumbiji walikuwa wakivuka mpaka kwa makundi wakikimbia vita, na katika miaka michache walipita milioni moja katika nchi yenye watu wasiofika milioni kumi. Hapana nchi maskini iliyobeba mzigo kama huo kwa ukarimu mkubwa zaidi. Masharti yaliwekwa na dola iliyoogopa kuzama, kwa ajili ya wageni ambao ilitarajiwa watarudi kwao, na kwa hakika walirudi baada ya amani ya 1992. Wa Dzaleka hawakurudi, kwa kuwa walikotoka amani haikupatikana. Na sheria ya wakimbizi ya 1989, iliyoshughulika na nani atambuliwe kuwa mkimbizi, haikueleza maisha yake baada ya kutambuliwa.

Matokeo yake ni haya. Mwashi wa Dzaleka anaweza kupimwa, akashinda, akashuhudiwa na mamlaka ya taifa kwamba mkono wake unatosha kuajiriwa kokote Malawi. Kisha afisa wa idara nyingine ya dola hiyo hiyo akamwambia kwamba kuishi kwake ni kambini, na kazi ya mshahara ataiomba kwa kibali kama mgeni aliyefika jana kwa ndege. Mamlaka ya ufundi iko chini ya wizara moja, wakimbizi wako chini ya wizara ya usalama wa ndani, vibali vya kazi vina ofisi yake, na wilaya ya Dowa, ambako mtu huyo analala na kuamka, haikupewa neno katika lolote la hayo matatu.

Kwa miaka mingi sheria hii ilitekelezwa kwa upole. Wakimbizi walifungua maduka Lilongwe, wakaoa na kuolewa, wakashona nguo za arusi za Wamalawi, wakawaajiri wengine. Kisha mwaka 2021 ikatoka amri ya kuwarudisha wote kambini, mahakama ikaizuia kwa muda. Na mwaka 2023 ikarudi kwa nguvu, muda wa mwisho ukawekwa katikati ya Aprili, na ulipokwisha, tangu Mei polisi wakaingia mitaani, wakafunga maduka, wakawapakia watu kwenye malori, watoto wakiwamo. Walifikishwa katika kambi iliyokuwa imejaa mara kadhaa ya kipimo chake, ambapo posho ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ilikuwa imepunguzwa kwa ukosefu wa fedha. Watu waliokuwa wakijilisha wakageuzwa kuwa wa kulishwa, na cha kuwalisha hakipo. Sina namna ya kuliandika hilo kwa utulivu. Kila cherehani iliyofungiwa Lilongwe siku zile ilikuwa ni matunda ya mafunzo ambayo mtu fulani aliyalipia, na mafundi waliobaki Dzaleka wakakuta soko lao, ambalo tayari lilikuwa dogo, limegawanywa kwa wengi zaidi.

Majirani wametuonyesha njia nyingine, ingawa nao hawajakamilika. Uganda, kwa sheria yake ya 2006, ilimpa mkimbizi haki ya kutembea na ya kufanya kazi, na fundi wa Kongo aliyeko Kampala hulipa kodi ya pango kama mtu mwingine. Kenya, baada ya Katiba ya 2010, ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, vile vilivyoanzishwa tangu miaka ya sitini kwa juhudi za makanisa. Na kaunti ya Turkana, ilipofunguliwa Kalobeyei mwaka 2016, ikaketi na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa kuandaa mpango mmoja wa maendeleo wa wenyeji na wageni, ambamo shule, soko na karakana si za upande mmoja. Turkana si tajiri kuliko Dowa. Ilichokuwa nacho ni uwezo wa kisheria wa kupanga, na mahali pa kuketi wakati mambo yanapoamuliwa.

Dowa ingeweza kufanya kiasi hicho bila kungoja kila kitu: kuwaingiza wanafunzi wa Dzaleka katika hesabu ya ufundi ya wilaya, kuomba karakana ya kambi isajiliwe na kugharimiwa sawa na chuo cha jamii, kutaka majaribio ya vitendo yafanywe kwa Kiswahili na Kichewa pale ambapo kazi ndiyo inayopimwa, kuwapa mafundi wa mchanganyiko zabuni ndogo za madarasa, madaraja na visima ndani ya wilaya yenyewe, ambako mtu hahitaji kuvuka mpaka wowote. Hayo yamo katika uwezo wa madiwani na ofisi ya mkoa ya TEVETA wakikubaliana. Lakini masharti ya vifungu vile, cha 17, cha 19, cha 22 na cha 26, hayakuandikwa Dowa wala hayataondolewa Dowa. Yaliwekwa kwa tamko la serikali ya nchi, na huondolewa kwa tamko lile lile, lenye saini ya Lilongwe, likipelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.